Gari Likiinuliwa, Ekseli Hupatwa na Nini?

Msafiri atokaye Omurushaka kwenda Murongo, mpakani mwa Uganda, hupanda na kushuka vilima vingi kabla ya kuufikia Mto Kagera. Vilima hivyo vya Karagwe na Kyerwa vimejengwa kwa miamba ya kale sana, ambayo wanajiolojia wameiita kwa jina la nchi yenyewe: mfumo wa Karagwe-Ankole. Miongoni mwa miamba hiyo imo kwazaiti, jiwe gumu lenye kingo kali. Mvua ichukuapo udongo, jiwe hilo hubaki limechomoza barabarani. Mabondeni hali ni kinyume chake. Huko udongo ni laini, na wakati wa masika na wa vuli magurudumu huchimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati. Gari lililo chini hukaa juu ya tuta hilo kama mtumbwi uliopanda mchangani, magurudumu yakizunguka bure.

Wilaya ya Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012. Wilaya zote mbili huishi kwa kahawa, ndizi na maharage. Barabara ya kutoka Kyaka hadi Bugene imewekwa lami, lakini njia nyingi ziingiazo vijijini ni za udongo na changarawe. Njia hizo ndizo zipitishazo magunia ya kahawa, nazo ndizo zipitishazo mgonjwa anayekimbizwa hospitalini. Si ajabu basi kwamba wenye magari humwendea fundi na ombi moja: "Niinulie gari."

Fundi huweza kutia spesa, yaani kipande cha chuma, aluminiamu au mpira mgumu, juu ya springi. Huweza pia kutia springi ndefu zaidi, au kipande cha chuma kati ya springi na ekseli. Kazi huchukua muda mfupi, na siku ile mwenye gari hurudi nyumbani akifurahi. Lakini aghalabu baada ya miezi michache malalamiko huanza: tairi limelika upande mmoja, usukani unayumba, kuna mlio gari likatapo kona, mafuta yanavuja kwenye difu. Mwenye gari husema vipuri vya siku hizi ni vibovu. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi kosa halimo katika chuma, bali katika jiometria.

Jambo tunalotaka kulionyesha katika makala haya ni moja. Kimo cha gari hakibadiliki peke yake. Abadilishaye kimo hubadilisha pembe za viungo, na pembe hizo ndizo ziamuazo umri wa viungo na usalama wa abiria. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayo tayari hesabu itoshayo kuthibitisha jambo hili.

Ni sehemu gani hasa inayoinuka?

Tuanze na gari la kazi, kwa mfano pikapu au Land Cruiser, ambalo ekseli yake ya nyuma ni mhimili mmoja mzima wa chuma wenye difu ndani yake. Ekseli hiyo imekaa juu ya magurudumu, na springi zimekaa juu ya ekseli. Ukiongeza springi au spesa, bodi na fremu hupanda. Ekseli haipandi hata kidogo, kwa sababu urefu wake kutoka ardhini huamuliwa na nusu-kipenyo cha tairi tu. Nayo difu ndiyo aghalabu sehemu iliyo chini kuliko zote. Kwa hiyo jiwe la kwazaiti lililogonga difu jana litaigonga tena kesho, hata kama bodi imepanda sm 10.

Njia pekee ya kuinua difu ya ekseli ya namna hiyo ni tairi kubwa zaidi. Hata hivyo faida yake ni nusu tu ya ongezeko la kipenyo. Tairi la kipenyo cha sm 76 likiwekwa mahali pa lile la sm 70, difu hupanda sm 3. Gharama yake nayo ihesabiwe. Gurudumu sasa ni wenzo mrefu zaidi, kwa hiyo injini, ekseli na breki zote hudaiwa nguvu ya kugeuza iliyo kubwa zaidi kwa karibu asilimia 9. Kipimo cha mwendo nacho hudanganya: dereva akisoma kilomita 80 kwa saa, gari hakika linakwenda karibu kilomita 87.

Gari dogo na shafti zake

Magari madogo ya abiria, ambayo watu wa Kanda ya Ziwa huyaita michomoko, hayana ekseli nzima mbele. Kila gurudumu la mbele limeshikwa na mkono wa chini wenye boljointi kwenye ncha yake, na huzungushwa na shafti fupi itokayo kwenye gia. Shafti hiyo ina kiungo kila upande, na kila kiungo kimefunikwa kwa mpira uliojazwa grisi.

Tuchukue shafti ambayo umbali wake wa mlalo, kutoka kiungo cha ndani hadi cha nje, ni sm 40. Gari lilipotoka kiwandani, kiungo cha nje kilikuwa chini ya kile cha ndani kwa sm 3. Tanjenti ya pembe ni 3/40, yaani nyuzi 4.3. Sasa fundi ametia spesa ya sm 5. Tofauti imekuwa sm 8, na pembe imekuwa nyuzi 11.3. Huo ndio mwinamo wa shafti gari likiwa limesimama tu. Gurudumu lishukapo shimoni sm 8 zaidi, pembe hufika nyuzi 21.8, ambapo zamani ingalifika nyuzi 15.4. Kwenye kiungo cha nje dereva huongeza pembe nyingine akatapo kona. Vipande vya chuma vilivyomo ndani ya kiungo hulazimika kuteleza mbali zaidi kila mzunguko. Joto huongezeka, mikunjo ya mpira husuguana na kupasuka, grisi hutoka, vumbi huingia. Ule mlio wa "ta-ta-ta" usikikao konani ni kiungo kinacholia kwamba kimekwisha.

Mkono wa chini nao haukusalimika. Tuseme una urefu wa sm 35. Ncha yake ikiwa chini kwa sm 3, kanuni ya Pithagorasi hutupa umbali wa mlalo wa sm 34.9. Ikiwa chini kwa sm 8, umbali ni sm 34.1. Sehemu ya chini ya gurudumu imevutwa ndani kwa milimita 8, na kwa kuwa sehemu ya juu imefungwa palepale, gurudumu linainama juu kwenda nje kwa karibu robo tatu ya nyuzi moja. Jicho halioni mwinamo huo, lakini tairi huuona, nalo huanza kulika ukingo wa nje. Fimbo za tairodi nazo zimeinama kuliko zilivyokusudiwa, hivyo magurudumu mawili hayaelekei tena mbele sambamba.

Ekseli nzima ya mbele na usukani unaoyumba

Magari kama Land Rover Defender iliyotengenezwa hadi mwaka 2016, na Land Cruiser nyingi za kazi, yana ekseli nzima hata mbele. Katika mengi ya hayo yenye springi za duara, ekseli hushikwa na mikono miwili mirefu iliyofungwa kwenye fremu.

Hapa tujikumbushe baiskeli. Uma wa gurudumu la mbele umeinama. Mstari wa mhimili wa usukani ukiendelezwa hadi chini hugusa ardhi mbele kidogo ya mahali tairi liigusapo. Kwa hiyo tairi hufuata nyuma ya mstari huo, nao mwinamo huu husaidia baiskeli kujinyosha yenyewe. Magurudumu ya mbele ya gari yamepewa mwinamo wa namna hiyo, takriban nyuzi 3 kwa magari mengi ya aina tunayoizungumzia.

Fremu ikiinuka sm 5, mkono wenye urefu wa sm 90 huzunguka kwa pembe ambayo saini yake ni 5/90, yaani nyuzi 3.2. Kwa kuwa mkono umeshikana na ekseli, ekseli nayo huzunguka kiasi hichohicho. Tazama basi: nyuzi 3 zilizokuwapo zimemalizwa zote. Usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na kwenye mteremko wa changarawe gari huanza kutangatanga. Mafundi wengi hubadili tairodi, kisha boljointi, kisha sanduku la usukani, nalo gari huendelea kuyumba, maana hakuna hata kimoja cha vifaa hivyo kilichokuwa na kosa.

Propela na hesabu ya Hooke

Nguvu hutoka kwenye gia hadi ekseli ya nyuma kwa njia ya propela. Ncha zake zina viungo vyenye umbo la msalaba. Kiungo cha namna hii kilichunguzwa katika karne ya 17 na Robert Hooke, mwanasayansi yuleyule wa Uingereza ambaye wanafunzi humfahamu kwa kanuni ya springi. Kina tabia moja ya ajabu: upande wa kwanza ukizunguka kwa mwendo wa sawasawa, upande wa pili huenda mbio na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Ukubwa wa badiliko hilo hutegemea kosaini ya pembe kati ya pande mbili. Kwa pembe ya nyuzi 5 badiliko ni pungufu ya nusu ya asilimia 1, kupanda na kushuka. Kwa nyuzi 15 ni karibu asilimia 3.5.

Kiwandani wahandisi hutumia viungo viwili, na huvipa pembe zilizo sawa ili kosa la kimoja lifutwe na la kingine. Lakini springi ikiinuliwa, pembe za ncha mbili huenda zisilingane tena, na kosa halifutiki. Propela ikizunguka mara 40 kwa sekunde, ekseli hupokea mishtuko 80 kila sekunde. Dereva husikia mtetemo chini ya miguu yake. Misalaba hulika, beringi na sili za difu huumia, na mafuta huanza kuvuja. Dawa yake ni kurudisha pembe zilingane, kwa mfano kwa kabari ya chuma itiwayo kati ya springi na ekseli ya nyuma. Kuongeza mafuta kila wiki si dawa.

Vipande, yu-bolti, shokapu na breki

Ekseli ya nyuma ya pikapu aghalabu hushikwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka na kukazwa kwa yu-bolti. Tukitia kipande cha sm 5 kati ya springi na ekseli, tumerefusha wenzo. Kama umbali kutoka ardhini hadi springi ulikuwa sm 40, sasa ni sm 45. Kila mara dereva afungapo breki, kani ileile ya barabara huipindua springi kwa nguvu iliyozidi kwa sehemu moja ya nane. Yu-bolti zikilegea kidogo, kipande huanza kucheza. Kikichomoka, ekseli huhama mahali pake gari likiwa mwendoni. Kwa sababu hiyo kupanga vipande viwili kimoja juu ya kingine ni hatari, na kuvitia kwenye ekseli ya mbele ni hatari zaidi.

Shokapu nazo zina urefu wenye kikomo. Ikiwa gurudumu liliweza kushuka sm 8 kabla ya shokapu kufika mwisho, na springi imeongezwa sm 5 bila kubadili shokapu, zimebaki sm 3 tu. Gari lililoinuliwa ili lishinde mashimo sasa haliwezi kulifuata shimo: gurudumu huning'inia hewani, na shokapu hugonga mwisho wake kama nyundo. Mipira ya breki nayo huvutika. Pikapu nyingi zina vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, ambayo hupima mzigo kwa kuangalia jinsi bodi ilivyoshuka. Bodi ikiinuliwa, vali "hudhani" gari ni tupu, na hupunguza breki za nyuma hata kama kuna tani nzima ya kahawa.

Kitovu cha uzito

Hayo yote ni hasara ya fedha. Linalofuata ni suala la uhai. Tuchukue gari lenye uzito wa kg 1,500, upana wa m 1.46 kati ya matairi, na kitovu cha uzito kilicho m 0.70 kutoka ardhini. Gari hilo likiinamishwa kando, hupinduka mstari wa wima kutoka kitovu cha uzito upitapo nje ya matairi. Tanjenti ya pembe hiyo ni 0.73/0.70, yaani nyuzi 46. Tukiliinua sm 5, pembe hupungua hadi nyuzi 44. Wengi watasema hilo ni dogo. Lakini sasa tupakie kg 200 za ndizi na magunia kwenye keria, karibu m 2 juu ya ardhi. Kitovu cha pamoja hufika m 0.90, na pembe hushuka hadi nyuzi 39.

Sasa gari liko barabarani. Katika kona yenye nusu-kipenyo cha m 25, mwendo wa kilomita 40 kwa saa huleta athari iliyo sawa na kuinamisha gari nyuzi 27. Magurudumu ya nje yakitumbukia katika mfereji wa kina cha sm 25, mwinamo mwingine wa nyuzi 10 huongezeka, na ukingo wa mfereji huyazuia matairi yasiteleze. Jumla ni nyuzi 37. Gari lisiloinuliwa wala kupakiwa juu lingebakiwa na akiba ya nyuzi 9. Gari letu limebakiwa na 2, nazo springi zikilala upande mmoja hata hizo hupotea. Kilomita 40 kwa saa si mwendo wa mbio. Ni mwendo wa dereva ajionaye kuwa mwangalifu.

Lililo bora kufanywa

Hatusemi kwamba gari lisiinuliwe kamwe. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika Afrika Mashariki, yalionyesha kwamba hata gari la kawaida huweza kuandaliwa kwa ajili ya barabara mbaya. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Lakini magari yale hayakutegemea urefu tu. Yaliimarishwa kama mfumo mmoja, na mafundi waliyakagua njiani mara kwa mara. Somo hilo linatutosha.

Kwanza, kabla ya kuinua gari, tazama kama halijashuka kwa sababu springi zimechoka au mzigo umezidi. Springi mpya za kipimo cha kiwanda huenda zikarudisha kimo chote kilichopotea. Pili, ukiinua, inua kidogo, na badili pamoja vyote vinavyohusika: springi, shokapu za urefu unaolingana, bushi au mikono irudishayo mwinamo wa usukani, kabari za propela na mipira ya breki. Tatu, pima uelekeo wa magurudumu siku hiyohiyo, rekebisha taa zisiwapofushe wengine, na kaza yu-bolti tena baada ya kilomita mia chache. Nne, mzigo mzito uwekwe chini, si kwenye keria. Mwisho, ikumbukwe kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani. Gari lisiloweza kujinyosha wala kufunga breki ipasavyo ni bovu, hata kama liling'arishwa asubuhi.

Kazi ya darasani

1. Chukua boksi la viatu, tia jiwe ndani, uliweke juu ya ubao. Inua ubao upande mmoja hadi boksi lipinduke, upime pembe. Weka kizuizi chembamba cha ukuti chini ya boksi ili lisiteleze. Rudia jiwe likiwa limefungwa juu ya boksi. Eleza tofauti.

2. Shafti ina umbali wa mlalo wa sm 45, na kiungo cha nje kiko chini kwa sm 2. Tafuta pembe kabla na baada ya kutia spesa ya sm 4.

3. Tembelea gereji iliyo karibu na shule yako. Omba kuonyeshwa tairi lililolika upande mmoja. Je, ni ukingo wa ndani au wa nje? Jadili na fundi chanzo chake. Fundi ana uzoefu wa miaka mingi wa mikono yake, nawe unayo tanjenti. Mkiviweka pamoja, huenda mkapata jibu ambalo hakuna kati yenu angelipata akiwa peke yake.